Mgonjwa Safarini: Huduma za Kutarajia Ndani ya Basi, Treni, Ndege na Meli kutoka Mbeya na Iringa

Mgonjwa anapopewa barua ya rufaa katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa, aghalabu huelezwa vizuri anakokwenda: idara atakayoripoti, siku ya miadi na vipimo vya kubeba. Jambo ambalo mara nyingi halielezwi ni safari yenyewe. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800 kwa barabara. Kutoka Iringa ni takriban kilomita 500. Wengi wanaokwenda Hospitali ya Taifa Muhimbili, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Taasisi ya Mifupa (MOI) au Taasisi ya Saratani Ocean Road husafiri kwa vyombo vya kawaida vya abiria, wakiketi pamoja na wafanyabiashara, wanafunzi na watu waendao harusini.

Ulimwenguni vipo vyombo vya abiria vyenye tabibu ndani. Meli kubwa kama Queen Mary 2, ambayo huvuka Bahari ya Atlantiki kati ya Southampton na New York kwa muda wa takriban siku 7, ina daktari, wauguzi na chumba cha matibabu, kwa sababu katikati ya bahari hakuna mahali pa kumshusha mgonjwa. Basi la Mbeya halina tabibu. Lina, hata hivyo, faida moja ambayo meli ile haina: hospitali zimepangana kando ya njia yake. Mgonjwa anayefahamu chombo chake kinatoa nini, hakitoi nini, na hospitali ipi iko karibu, husafiri kwa usalama zaidi kuliko yule anayekata tiketi kwa kubahatisha.

Makala hii inaeleza huduma za kutarajia ndani ya vyombo vinavyotumiwa na wakazi wa Nyanda za Juu Kusini, kisha inaonesha namna ya kuziba pengo lililopo baina ya mahitaji ya abiria na mahitaji ya mgonjwa.

Basi

Safari ya basi kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam huchukua takriban saa 12 hadi 14, na kutoka Iringa takriban saa 8 hadi 9, kwa kutegemea foleni, mizani na hali ya barabara. Tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, hivyo mgonjwa anaweza kuchagua baina ya jua la mchana na baridi ya usiku. Mabasi mengi huishia Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, kilichoanza kutumika mwaka 2021. Kutoka hapo hadi hospitali za mjini bado kuna safari nyingine ndani ya foleni ya jiji, na yafaa muda huo uhesabiwe.

Abiria wa basi hutarajia kiti chenye namba, mkanda wa usalama, nafasi ya mzigo, na mara nyingi chupa ya maji au soda pamoja na biskuti. Mabasi ya daraja la juu huongeza kiyoyozi na sehemu ya kuchajia simu. Baadhi yana choo ndani, lakini yaliyo mengi hayana. Sanduku la huduma ya kwanza linapaswa kuwemo, ingawa vilivyomo ni vya kufungia jeraha, wala si dawa za moyo, pumu au kisukari. Wahudumu wa basi hawana jukumu la kumpa mtu dawa.

Chakula hupatikana pale basi linaposimama. Muda huwa mfupi, na vyakula vilivyo tayari kwa haraka ni chipsi, kuku wa kukaanga, mishikaki na sambusa: chumvi na mafuta kwa wingi. Mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa figo au moyo dhaifu hana budi kubeba chakula chake kutoka nyumbani, kama ndizi za kuchemsha, viazi vitamu, mkate au wali usio na chumvi nyingi. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza kuhusu ndizi na viazi, kwa kuwa vina madini ya potasiamu ambayo figo dhaifu hushindwa kuyatoa.

Haja ndogo ndiyo taabu kubwa kuliko zote. Basi husimama kwa ajili ya kile wasafiri wanachokiita kuchimba dawa, pengine kwenye kituo chenye vyoo, pengine kando ya vichaka. Kuna sehemu ambako halisimami kabisa. Barabara hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na humo hakuna abiria anayeruhusiwa kushuka kwa sababu ya wanyama. Vilevile ni vigumu kusimama kwenye kona za Mlima Kitonga, ambako malori hupanda na kushuka kwa kufuatana. Mgonjwa anayekojoa mara kwa mara amweleze kondakta hali yake kabla basi halijaondoka, ili ajue vituo vilipo na asikilizwe atakapoomba kushuka. Maneno machache ya faragha kituoni humwepushia aibu ya kupaza sauti mbele ya abiria wote.

Kona hizohizo za Kitonga huwaletea wengi kichefuchefu. Kiti cha mbele, macho yanayotazama mbali barabarani badala ya simu, tumbo lisilo tupu wala kujaa sana, na hewa safi ya dirishani husaidia. Anayetapika baada ya kumeza dawa muhimu asiongeze dozi nyingine kwa kukisia. Ampigie simu mtoa huduma wake.

Treni ya TAZARA

Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa msaada wa China, nayo ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi nchini Zambia. Inapita Mbeya na Makambako, lakini haifiki Iringa mjini; mkazi wa Iringa anayetaka kuipanda hulazimika kwanza kwenda Makambako kwa barabara. Safari ya Mbeya hadi Dar es Salaam huchukua takriban siku nzima na usiku wake, na ucheleweshaji ni jambo la kutarajiwa. Ratiba hubadilika, na huenda huduma ikasimama kwa muda. Kwa hiyo taarifa ya stesheni ndiyo ya kutegemea, na mtu mwenye miadi ya upasuaji asipange kufika asubuhi ya siku ileile.

Faida ya treni ni kitanda. Daraja la kwanza lina vyumba vya vitanda 4 na daraja la pili vyumba vya vitanda 6. Wanaume na wanawake hutengwa, isipokuwa familia au kikundi kinapolipia chumba kizima. Kwa mgonjwa mwenye maumivu ya mgongo, mama aliyejifungua karibuni au mtu aliyefungwa plasta mguuni, kuweza kujinyoosha ni nafuu ambayo basi haliwezi kuitoa. Mgonjwa aombe kitanda cha chini mapema, wakati wa kukata tiketi. Daraja la tatu lina viti tu, na hujaa.

Ndani ya treni kuna behewa la chakula linalotoa wali au ugali kwa kuku, nyama au samaki, pamoja na chai ya asubuhi. Mhudumu huweza kuleta chakula chumbani. Vyoo viko mwishoni mwa kila behewa, na mgonjwa anaweza kuvifikia bila kumwomba mtu ruhusa. Maji ya kunawa, hata hivyo, hayategemewi kwa safari yote. Msafiri abebe maji ya kunywa, sabuni na karatasi za chooni. Mwenye mpira wa mkojo au kidonda kinachosafishwa kila siku aongeze glavu, pamba na vitambaa safi.

Njia ya treni hupanda na kushuka sana. Karibu na Uyole reli hufikia kimo cha takriban mita 1,790 juu ya usawa wa bahari, mahali pake pa juu kabisa, kisha huteremka hadi bonde la Kilombero lenye joto na mbu. Blanketi linalohitajika Makambako halitakiwi Ifakara. Kinachotakiwa huko ni chandarua au dawa ya kufukuza mbu. Kwa mgonjwa wa selimundu, baridi ya nyanda za juu pamoja na upungufu wa maji ni mambo mawili yanayoweza kuamsha maumivu makali ya mifupa. Sweta, soksi na chupa ya maji ni sehemu ya tiba yake.

Ndege

Uwanja wa Ndege wa Songwe, ulioanza kuhudumia ndege za abiria mwaka 2012, umefupisha safari ya Mbeya na Dar es Salaam kutoka siku nzima hadi takriban saa moja na nusu au pungufu. Kwa aliye dhaifu sana, au anayehitaji kulala hospitalini siku hiyohiyo, ufupi huo una thamani kubwa kwa afya yake.

Shirika la ndege linaweza kutoa kiti cha magurudumu, msaada wa kupanda ngazi na nafasi ya kuingia kabla ya abiria wengine, iwapo limearifiwa mapema. Wahudumu wa ndege wamefunzwa huduma ya kwanza. Oksijeni iliyomo ndani ni ya dharura, haikukusudiwa mgonjwa anayeihitaji safari nzima. Huyo hutakiwa kufanya mipango na shirika mapema na kujaziwa na daktari fomu ya taarifa za kitabibu.

Hewa ndani ya ndege iliyo angani hushindiliwa, lakini si hadi usawa wa bahari. Hulingana na hewa ya mahali penye kimo cha takriban mita 1,800 hadi 2,400. Mkazi wa Mbeya, ambaye mji wake uko kwenye takriban mita 1,700, haoni tofauti kubwa akiwa mzima. Mwenye upungufu mkubwa wa damu, ugonjwa mkali wa mapafu au moyo ulioshindwa kusukuma damu ipasavyo huweza kuzidiwa. Ndiyo maana kiwango cha damu kilicho chini ya gramu 7.5 kwa desilita huhitaji tathmini ya daktari kabla ya kuruka. Mtu mwenye hewa iliyovuja na kuzunguka pafu asipande ndege mpaka daktari athibitishe kuwa amepona, kwa sababu hewa hiyo hutanuka angani. Aliyefungwa plasta ndani ya saa 48 zilizopita hushauriwa plasta ipasuliwe kwa urefu, ili mguu au mkono ukivimba usibanwe.

Mashirika mengi ya ndege hudai barua ya daktari kwa mjamzito kuanzia wiki ya 28, na hayamchukui baada ya wiki ya 36 kwa mimba ya mtoto mmoja, au wiki ya 32 kwa mapacha.

Meli ya Ziwa Nyasa

Wakazi wa Kyela na mwambao wa Ziwa Nyasa wanayo pia MV Mbeya II, meli iliyojengwa bandarini Itungi kwa ajili ya abiria 200 na mizigo tani 200. Abiria atarajie kiti, choo, chakula chepesi na jaketi la kujiokolea. Ajue jaketi lake liliko kabla meli haijang'oa nanga. Ziwa hili hubadilika haraka upepo unapovuma. Wasioweza kuvumilia msukosuko wa mawimbi waombe dawa ya kuzuia kichefuchefu kliniki, na waimeze kabla ya safari, wala wasisubiri hadi watakapoanza kutapika. Katika mwambao wa mashariki, Hospitali ya Mtakatifu Anna ya Liuli ni miongoni mwa chache zilizo karibu na maji.

Maji, mkojo na dawa zinazoachwa

Upo uamuzi ambao wagonjwa wengi huufanya kimya kimya usiku wa kuamkia safari: kutokunywa maji na kutomeza dawa ya kukojoza, ili wasilazimike kuomba basi lisimame. Kwa macho ya abiria ni uamuzi wa busara. Kwa mwili wa mgonjwa ni hatari.

Mwenye moyo dhaifu anayeacha dawa ya kukojoza kwa siku mbili, moja ya kusafiri na moja ya kupumzika, huweza kufika Dar es Salaam akiwa amevimba miguu na kupumua kwa shida. Daktari wa upasuaji akimkuta hivyo, upasuaji huahirishwa. Mgonjwa wa figo asiyekunywa hata kiasi alichoruhusiwa hufika na figo zilizochoka zaidi. Mgonjwa wa selimundu asiyekunywa maji huweza kupatwa na maumivu makali kabla ya kufika Morogoro.

Ufumbuzi upo, nao ni mwepesi ukizungumzwa mapema. Kwa wagonjwa wengi daktari anaweza kusogeza saa ya dawa ya kukojoza, imezwe baada ya kufika badala ya alfajiri ya safari. Kwa wengine safari ya treni, yenye choo, huwa afadhali kuliko basi. Kwa wengine nguo za kufyonza mkojo zinazopatikana madukani huondoa hofu. Mgonjwa asibadilishe saa wala dozi kwa hiari yake, aulize. Na mtoa huduma asingoje kuulizwa, kwa kuwa wengi huona haya kulitaja jambo hili.

Miguu iliyokaa muda mrefu

Damu ya miguuni hurudi moyoni kwa msaada wa misuli ya miguu inapotembea. Mtu akikaa saa nyingi bila kujongea, damu hutulia na huweza kuganda ndani ya mishipa. Donge hilo likisafiri hadi mapafuni, huweza kuua. Utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani, uliotangazwa mwaka 2007, ulionesha kuwa hatari ya damu kuganda huongezeka takriban maradufu baada ya kusafiri kwa saa 4 au zaidi ukiwa umekaa. Hatari hiyo haiko kwenye ndege peke yake: basi, treni na gari huihusu vilevile. Kwa mtu mzima wa afya bado ni ndogo. Huwa kubwa kwa aliyefanyiwa upasuaji karibuni, mwenye saratani, mjamzito au aliyejifungua karibuni, mwenye unene uliozidi, anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni, na aliyewahi kugandwa na damu.

Kinga yake haina gharama. Kila baada ya dakika chache msafiri apandishe na kushusha visigino akiwa amekaa, akunje na kukunjua vidole vya miguu, na ashuke kutembea kila basi linaposimama. Mizigo isibanwe miguuni. Akunywe maji, apunguze pombe. Walio katika hatari kubwa waulize kama wanahitaji soksi za kubana au dawa ya kuzuia damu kuganda. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kifua kikichoma ghafla pamoja na kukosa pumzi, hata wiki kadhaa baada ya safari, ni dharura, na daktari aelezwe kuwa kulikuwa na safari ndefu.

Dawa katika mkoba

Dawa zote zikae katika mkoba wa mkononi, kamwe zisiwe kwenye buti la basi wala kwenye mzigo unaoingia tumboni mwa ndege. Buti huwa na joto kali, na mzigo huweza kupotea au kushushwa kituo kingine. Zibaki kwenye pakiti zake zenye majina, na ziambatane na cheti au kadi ya kliniki. Kiasi kizidi siku zilizopangwa kwa walau wiki moja, kwa kuwa vipimo huongezeka na miadi husogezwa.

Insulini ambayo haijafunguliwa hutunzwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8. Inayotumika huvumilia joto la kawaida lisilozidi nyuzi 30 kwa takriban wiki 4, kutegemea maelekezo ya aina husika. Asubuhi ya Mbeya haiiharibu insulini. Alasiri ya Morogoro ndani ya basi lisilo na kiyoyozi yaweza kuiharibu. Ifungwe kwa kitambaa chenye unyevu ndani ya chombo cha plastiki au chupa pana ya chai isiyo na kitu cha moto, isiguse barafu moja kwa moja, isiwekwe dirishani. Insulini iliyoganda kwa baridi haifai tena.

Chakula njiani huchelewa, na hapo ndipo sukari hushuka. Anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari asichome wala asimeze dozi ya chakula kabla hajakiona chakula. Akianza kutetemeka, kutoka jasho jembamba au kuchanganyikiwa, atumie vijiko vidogo 3 hadi 4 vya sukari au nusu ya chupa ya soda yenye sukari, asubiri dakika 15, apime tena au arudie iwapo dalili hazijaisha, kisha ale. Jirani wa kiti aambiwe mwanzoni mwa safari kwamba mwenzake ana kisukari; neno hilo moja huweza kuokoa maisha.

Dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, za kifafa na za shinikizo la damu huhitaji saa yake ileile. Kengele ya simu itegwe. Mwenye kifafa akumbuke pia kuwa usiku wa kutolala huweza kuamsha degedege hata kama dawa imemezwa. Likitokea, abiria wamlaze ubavu, wamwondolee vitu vigumu vilivyo karibu, wasimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, nao wahesabu muda: likizidi dakika 5, chombo kielekee hospitali.

Wakazi wa Iringa wanaishi katika mojawapo ya mikoa yenye malaria kidogo nchini, na miili yao haina mazoea na ugonjwa huo. Wanaposhuka Kilombero, Morogoro au Dar es Salaam huhitaji chandarua chenye dawa kila usiku, yeye mgonjwa na ndugu anayemuuguza. Homa inayotokea baada ya kurudi ipimwe malaria mara moja.

Wasiofaa kupanda chombo cha abiria

Mwenye kifua kikuu cha mapafu kinachoambukiza asisafiri kwa basi, treni wala ndege mpaka tabibu athibitishe kuwa haambukizi tena, jambo linalohitaji kwa kawaida angalau wiki 2 za dawa zinazofanya kazi, na zaidi kwa kifua kikuu sugu. Ikilazimu safari ya matibabu, kituo kipange usafiri wake.

Asipande pia mwenye maumivu ya kifua yasiyokwisha, dalili mpya za kiharusi, anayepumua kwa shida akiwa amekaa, anayetoka damu, au aliyepoteza fahamu. Hao huhitaji gari la wagonjwa na muuguzi ndani yake. Mjamzito mwenye dalili za kifafa cha mimba, uchungu ulioanza au damu inayotoka asipelekwe kituo cha basi. Mfumo wa m-mama, unaopigiwa simu bila malipo kwa namba 115, umewekwa kwa ajili ya kumsafirisha yeye na mtoto mchanga mwenye dharura.

Dharura ikitokea njiani

Ndani ya basi, jambo la kwanza ni kumwarifu dereva kupitia kondakta, na jambo la pili ni kuuliza hospitali iliyo mbele. Kutoka Mbeya kwenda Dar es Salaam, barabara hupita karibu na Hospitali ya Misheni ya Chimala wilayani Mbarali, Hospitali ya Mji wa Mafinga, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa iliyo juu ya mlima kutoka Ipogoro, Hospitali ya Ilula, Hospitali ya Mtakatifu Kizito ya Mikumi, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Morogoro, na Tumbi mjini Kibaha. Kwa wanaosafiri na TAZARA, Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya Ifakara ni kimbilio kubwa la bonde la Kilombero. Orodha hii iandikwe nyuma ya barua ya rufaa. Anayezidiwa Ruaha Mbuyuni anapaswa kuamua kama arudi Ilula kwa kupanda Kitonga au asonge mbele hadi Mikumi. Uamuzi huo ni mwepesi kwa anayejua kuwa zote mbili zipo.

Maswali matano ya mtoa huduma

Mtoa huduma anayeandika rufaa anaweza kuiandaa safari kwa maswali yasiyozidi dakika tano. Utasafiri kwa chombo gani, na saa ngapi? Nani ataketi nawe? Utafanyaje ukibanwa na haja ndogo? Dawa zako za siku hiyo utazimeza saa ngapi, na utazibeba wapi? Ukizidiwa njiani, utamwambia nani?

Majibu yakiandikwa chini ya barua ya rufaa, ndugu anayemsindikiza mgonjwa hupata mwongozo, na daktari wa kule anakokwenda hujua mgonjwa amefikaje. Swali la tatu ndilo linalorukwa zaidi, na ndilo lenye uzito kuliko yote, kwa kuwa jibu lake huonesha iwapo mgonjwa amekusudia kuacha maji na dawa.

Hitimisho

Basi litatoa soda na biskuti. Treni itatoa kitanda na sahani ya wali. Ndege itatoa kiti cha magurudumu kwa aliyekiomba, na meli jaketi la kujiokolea. Huduma hizo ni njema, na abiria ana haki ya kuzidai. Dawa kwa saa yake, maji ya kutosha, miguu inayojongea na jina la hospitali iliyo mbele havimo ndani ya tiketi. Hivyo huandaliwa nyumbani na kliniki, siku chache kabla ya honi ya alfajiri.